Kioo Nilichofukiza

Nyinyi watoto wa sekondari, na nyinyi wengine mliomaliza na bado mnaegemea kuta za Bulla Pesa mkibonyeza simu, haya maneno ni yenu. Salaam aleikum kwa wale wa salaam, na habari zenu kwa wengine. Kama unataka kusoma huku unasikiliza redio, weka hii karatasi chini, utasoma siku nyingine. Mimi sijazoea kuongea na mtu ambaye hanitazami.

Jina langu ni Kabale. Wajukuu wananiita Akko, maana yake nyanya kwa Kiborana. Nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu baba akaona mbuzi wanamhitaji mtu kuliko mwalimu anavyomhitaji, nikaondolewa. Kusoma vizuri nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa kuandika majina ya dawa kwenye chupa. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita Nairobi, katika maabara ya chuo kimoja ambacho jina lake sitalitaja. Nilianza na ufagio. Nilipostaafu na kurudi hapa Isiolo, nilikuwa mtu wa kutengeneza transista za elektroni moja kutoka kwa waya za silikoni.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mjukuu wangu Rukia. Mwezi uliopita mwalimu wao wa fizikia aliwaambia kwamba elektroni ni ndogo sana, haiwezekani mtu kuzihesabu moja moja. Rukia akainua mkono: "Mwalimu, akko wangu amezihesabu." Darasa lote likacheka. Kijana mmoja akasema, "Alizihesabu akikamua ng'ombe?" Rukia akarudi nyumbani uso umevimba. Nikamwambia anyamaze, machozi ni chumvi, na mimi na chumvi tuna kesi ya zamani.

Hiyo kesi ndiyo nataka muisikie. Lakini kwanza mjue tulikuwa tunatengeneza nini, nisije nikaitwa mwongo mara ya pili.

Silikoni inakuja kama kisahani cheusi kinachong'aa mpaka unajiona. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini ina tabaka kama chapati: juu silikoni nyembamba kabisa, katikati kioo, chini silikoni nene. Unapaka dawa juu, mashine inachora mstari kwenye ile dawa, halafu gesi inakula silikoni yote ya juu isipokuwa ule mstari. Huo mstari ndio waya. Chukua unywele wako mmoja, upasue kwa urefu vipande elfu moja. Kila kipande bado ni kinene kuliko ule waya.

Halafu unaupeleka kwenye tanuri. Ule moto unageuza ngozi ya waya kuwa kioo, na silikoni iliyobaki ndani inazidi kukonda, mpaka katikati panabaki chumba kidogo chenye mlango mwembamba huku na mlango mwembamba huku.

Mmeona mbuzi wakipelekwa josho. Wanabanwa kwenye njia ya mbao, na katikati kuna kizimba cha mbuzi mmoja. Mmoja akiwa ndani, wa pili anasukuma na kulia lakini haingii mpaka wa kwanza atoke. Elektroni ni hivyo hivyo, hazivumiliani. Na pembeni tunaweka mlango wa tatu ambao haupitishi kitu. Huo ni kama mtu anayesimama nje ya uzio akitingisha ndoo ya maji: anawavuta tu. Ukiongeza umeme wa pembeni pole pole, mbuzi wanapita, wanakwama, wanapita, wanakwama. Kwenye karatasi ya mashine unaona kilima, bonde, kilima, bonde. Kila kilima ukikivuka, mbuzi mmoja zaidi amekaa kwenye kizimba. Ukijua kuhesabu vilima umehesabu elektroni. Ni hayo tu. Mwambieni mwalimu wenu akitaka aje, chai ipo.

Yote hayo yanafanyika kwa baridi kali, kwa sababu kukiwa na joto mbuzi wanaruka uzio. Tulikuwa tunatumbukiza kazi yetu kwenye nitrojeni ya maji, ile ile ambayo madaktari wa mifugo wanabebea mbegu za ng'ombe. Siku ya kwanza nilipoona ule mtungi unatoa ukungu nikauliza, "Kwani mnafuga ng'ombe humu?" Wanafunzi walicheka wiki nzima. Na nitrojeni yenyewe ilitoka kwa mtu wa ng'ombe kweli! Nilikuwa sijakosea sana.

Mtu aliyenifundisha aliitwa Kirimi, fundi mkuu wa maabara, Mmeru wa kutoka Maua. Nilimwita Mzee Kirimi, naye aliniita Mama Guyo, kwa sababu Guyo ndiye mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Saa kumi kila siku alitoka nje kwenye mitungi ya gesi, akatafuna miraa yake kidogo, akasukutua mdomo, akangoja nusu saa nzima ndipo aingie tena kwenye chumba safi. Nikimwambia, "Wewe na majani yako, kama mbuzi wa kule kwetu Leparua," ananijibu, "Mbuzi wa Leparua anakula bure. Mimi nanunua."

Aliniona nikiosha sufuria za chai siku moja. Akasimama mlangoni, akatazama mikono yangu, akasema, "Mama Guyo, wewe huachi kona." Kesho yake akaninyang'anya ufagio akanipa glavu. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa kazi. Hakuna barua.

Nitawaambia machache aliyonifundisha, kwa sababu hamtayapata kwenye vitabu vyenu.

Silikoni haikatwi, inaombwa. Ina mwelekeo wake kama kuni. Unachora mkwaruzo mdogo pembeni kwa kalamu ya almasi, mdogo kama ukucha wa mtoto, halafu unabonyeza. Ikiwa umefuata mwelekeo, inaachana yenyewe, sawasawa kabisa. Ukilazimisha, unapata vipande vya kutupa.

Usiongee juu ya kazi. Mate ni madogo kuliko unavyodhani, na yanaruka mbali kuliko unavyodhani.

Ukiwa unaondoa kioo kwa ile asidi inayokula mifupa, usitazame saa. Tazama maji. Kioo kikiwepo bado, maji yanatanda juu kama shuka. Kikiisha, maji yanakimbia, yanajikunja matone, silikoni inatoka kavu kama bata. Hapo toa. Na hiyo asidi iheshimuni. Haichomi mara ya kwanza, ndiyo maana ni mbaya.

Na kabla ya kugusa transista, gusa chuma kilichoungwa na ardhi. Mwili wako una umeme. Ule mwali mdogo unaokuruka ukivua sweta, kwa waya kama hizi ni radi. Hili nililipata kwa aibu. Wakati fulani kila transista niliyoshika ilikufa, kumi na mbili kwa mpigo, na chuma nilikuwa nimegusa. Mzee Kirimi akachunguza viatu, akachunguza kiti, akachunguza koti. Halafu siku nzima akawa hanitazami. Jioni nikakuta ameandika ubaoni: PAMBA TUPU, MPAKA NDANI. Nikamuuliza, "Ndani wapi?" Akasema, "Ndani... ndani kabisa, Mama Guyo," akatoka mbio. Ilikuwa ile gaguro yangu ya nailoni. Mzee wa Maua hawezi kutaja nguo ya ndani ya mke wa mtu. Nikavaa pamba, transista zikaacha kufa.

Sasa tuje kwenye kesi.

Kulikuwa na mwanafunzi, Achieng, msichana mrefu wa upande wa Siaya, anasomea udaktari wa hiyo fizikia. Shabaha yake ilikuwa moja: atengeneze transista ambayo vilima vyake havihami. Maana ukipima asubuhi, ukaitoa kwenye baridi, ukairudisha mchana, vilima vinatakiwa viwe pale pale. Vikihama, hiyo si transista, ni kelele. Kamati ya chuo ilimpa mpaka mwezi wa nane. Baada ya hapo udhamini unaisha, anarudi kwao mikono mitupu, na miaka yake mitano imeenda.

Kazi ya kuosha vyombo vyake ilikuwa yangu. Bika, yaani zile kopo za kioo, za kwetu zilikuwa za kile kioo kigumu kisichoogopa moto. Zinaoshwa kwa asidi moto, halafu zinasuuzwa mara saba kwa maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Mzee Kirimi alikuwa na neno lake moja, kila siku: "Mama Guyo, osha kama chombo cha maziwa ya mtoto wako."

Sasa sikilizeni. Mwezi wa tatu Mzee Kirimi alifiwa na kaka yake, akaenda Maua wiki nzima, na ufunguo wa kabati la asidi akaondoka nao mfukoni. Ijumaa Achieng akaja. "Mama Guyo, Jumatatu naingia tanuri na hii bika ina doa." Kweli, chini kulikuwa na doa la kahawia la dawa ya zamani. Nikalisugua kwa sabuni, wapi. Nikalisugua kwa spiriti, wapi. Asidi imefungiwa. Na msichana amesimama pale ananitazama kama ndama.

Nikamwambia, "Nenda nyumbani. Jumatatu utakikuta kisafi kuliko kikombe cha sultani."

Nyinyi mliozaliwa kwa Waborana mmeshajua nilifanya nini. Wengine niwaambie. Chombo chetu cha maziwa tunakiita chicho. Chicho haioshwi kwa maji tu, mtu anayeosha chicho kwa maji tu ni mchafu. Unachoma kijiti cha mti unaoitwa ejersa mpaka kiwe kaa jekundu, unakitia ndani, unafunika, unatingisha, moshi unaingia kila mahali, halafu unapiga brashi na kufuta jivu. Maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika, na yananukia. Mimi kila nilipoenda Nairobi nilibeba vijiti vya ejersa kwenye kikapu. Watoto wangu wote watano walikunywa maziwa yenye moshi na hakuna aliyeugua tumbo.

Basi nikafunga ile bika kwa kitambaa kisafi, nikaenda nayo kwenye chumba changu cha kupanga. Jumamosi nikawasha jiko. Nikaifukiza kama chicho. Kaa lilizunguka ndani ya kile kioo zuri kweli, jekundu, na doa likachomeka likaisha. Nikapiga brashi. Nikasuuza, na Jumatatu asubuhi nikasuuza tena mara saba kwa yale maji yetu safi. Ikang'aa. Nilikuwa nimejisikia, siwafichi.

Achieng akainusa. "Mama Guyo, umebadilisha sabuni? Hii inanukia nini?"

"Usafi," nikamwambia.

Akacheka, akaingia nayo.

Tangu siku hiyo vilima vikaanza kuhama. Asubuhi hapa, mchana pale. Achieng akatengeneza kundi lingine, vikahama. La tatu, vikahama. Mzee Kirimi akarudi, akabadilisha maji, akabadilisha gesi, akabadilisha dawa. Vikahama. Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukapita. Profesa, mkubwa wa maabara, mtu wa hasira za karibu, akatazama karatasi akasema, "Hii ni chumvi. Chumvi imeingia kwenye kioo cha waya na inatembea ndani. Na chumvi inatoka kwa jasho la watu." Wote wakamgeukia Achieng.

Mtoto wa watu akaanza kunawa. Ananawa kabla ya glavu, ananawa baada ya glavu, kwa spiriti, mpaka viganja vikapasuka. Na mimi, mimi mwenyewe, nikamshauri avae glavu mbili. Nikamletea na mafuta ya kupaka usiku. Nilimhurumia kweli. Mtu anaweza kukuhurumia huku amesimama juu ya kidole chako.

Mwezi wa sita nikapata likizo, nikaja Isiolo kwa mama yangu, hapo Bulla Pesa. Mama alikuwa mzee tayari lakini mkali, mimi kwake nilikuwa maji tu. Nikamkuta uani anafukiza chicho. Akanipa chai. Nikainusa, nikasema, "Mama, hii chicho umeiosha juzi na bado chai yote ni moshi."

Hakuinua hata kichwa. "Ioshe na mto Ewaso Nyiro wote. Moshi hautoki. Ungekuwa unatoka, ningejisumbua kufukiza kwa nini?"

Halafu akajipangusa vidole kwenye leso, na nikaona jivu limeacha alama nyeupe kwenye kitambaa. Nyeupe. Mama zetu hapa walikuwa wakikosa chumvi wanachuja jivu, chumvi inatoka humo. Mimi nimekulia kwenye hayo majivu, na ile miezi yote hayakunijia kichwani. Kikombe kikanishinda. Mama akasema, "Sasa umeona jini?" Nikasema, "Nimemwona, na ni mimi."

Nilirudi Nairobi. Ningependa kuwaambia nilishuka nikaenda moja kwa moja kusema. Sikuenda. Siku mbili nilinyamaza. Guyo alikuwa anaingia sekondari, baba yao ameshafariki, na mimi ndiye mkono pekee. Nikajiambia labda si hiyo, labda vilima vitatulia vyenyewe. Niliosha vyombo vizuri kuliko siku zote, kama mtu anayemlipa Mungu kwa vitu asivyodaiwa.

Siku ya tatu nikamkuta Achieng mbele ya ubao wa zamu za tanuri. Anafuta jina lake kwa kidole. Hakuwa na kitambaa, anafuta kwa kidole kile kilichopasuka, na wino unamwingia kwenye kidonda. Nikageuka, nikatoka nje kwenye mitungi ya gesi.

"Mzee Kirimi, tema hayo majani. Nina maneno."

"Ongea tu. Masikio hayatafuni."

Nikamwambia yote. Bika, ufunguo, ejersa, jiko. Aliacha kutafuna katikati. Nilipomaliza nikasema, "Nifute kazi leo. Mimi nitajua la kufanya."

Akatema yale majani yote. Halafu akauliza, "Huo moto ulikuwa mkali?"

"Kaa jekundu kabisa."

"Basi jivu limeshikana na kioo. Kusuuza kwako mara saba hakukuweza kulitoa." Akatikisa kichwa. "Na ni mimi niliyekuambia chombo cha maziwa ya mtoto. Na ufunguo niliondoka nao mimi. Ile bika iko wapi?"

"Ukinifuta kazi utaijua vipi? Iko rafu ya pili."

"Umeona? Sasa huwezi kufutwa. Twende."

Akaijaza maji safi, akatia ile mashine inayopima kama maji yana kitu. Tukangoja. Mshale ukaanza kupanda, pole pole, bila haya. Mzee Kirimi akautazama kama mtu anayetazama mvua.

Tukaenda kwa Profesa, bika ikawekwa mezani katikati yetu. Nikaanza kusema. Nilipofika kwenye jiko la makaa nikaona shingo yake inavimba, mdomo unafunguka. Mzee Kirimi, mtu wa sauti ya chini, akainua mkono. "Profesa, mwache amalize. Akimaliza, piga kelele utakavyo."

Profesa akafunga mdomo. Na mimi nikamaliza. Nikasema mpaka zile siku mbili za kunyamaza, ambazo hakuna mtu angezijua. Nilipokwisha kusema nikangoja hizo kelele. Akaitazama bika, halafu akauliza, "Hiki chombo kiligusa nini kingine?"

Hilo tu. Hakuuliza nimesoma mpaka wapi, wala nani aliniajiri. Aliuliza swali la kazi. Mpaka leo nikisali nawataja wale wanaume wawili, mmoja Mkristo wa Maua na mmoja sijui dini yake, kwa sababu ya yale maneno mawili: mwache amalize, na kiligusa nini kingine. Shukrani yangu kwao haina mwisho, na ndiyo sababu kubwa ya hii karatasi.

Jibu la swali lake lilikuwa baya. Ile bika iligusa silikoni, silikoni ikaingia tanuri, tanuri likashika chumvi, na kila kilichoingia baadaye kikapewa kidogo. Ndiyo maana hata makundi mapya yaliharibika. Tukaitoa ile bomba ya tanuri, ndefu kama mtu, kioo kitupu, watu wanne tumeibeba kama jeneza. Tukaiosha kwa asidi. Tukairudisha, tukaichoma tupu kwa gesi kali siku baada ya siku, bila kitu ndani.

Na Achieng? Msidhani alinikumbatia. Mambo ya kukumbatiana ni ya televisheni. Alipoambiwa alikuja kwenye sinki langu, akaweka mikono yake juu ya meza, viganja juu.

"Ulinitazama nikinawa."

"Nilikutazama."

"Siku mbili zote."

"Siku mbili zote."

Akaondoka. Wiki mbili hakunisalimia, na alikuwa na haki. Mimi nilimsalimia kila asubuhi na kila asubuhi nikasalimia ukuta. Ukikosea, usimpangie uliyemkosea siku ya kusamehe. Hiyo siku ni yake.

Mwezi wa saba ukawa unaisha. Tanuri limekuwa safi, na silikoni yake imebaki kipande kimoja tu, cha kundi moja la mwisho. Asubuhi hiyo maabara nzima ilikuwa inajua. Mzee Kirimi akavaa glavu, akaenda kwenye sinki. "Leo vyombo nitaosha mimi," akasema. Nikasogea, nikampisha.

Achieng akasimama mlangoni na koti lake jeupe. "Hapana, Mzee. Aoshe yeye."

Kirimi akamtazama. "Una uhakika?"

"Katika hii nyumba hakuna mtu mwingine anayejua chumvi kama yeye."

Nikaosha. Asidi moto, na kusuuza mara saba, na ya nane kwa ajili ya uso wangu.

Siku chache baadaye kazi ilipotoka tanuri, ikakatwa, nikaiunga kwa waya za dhahabu, chuma nimekigusa mara kumi kama mwendawazimu. Achieng akaitumbukiza kwenye nitrojeni. Saa tatu asubuhi vilima vikatokea, saba, vizuri, vimepangwa. Hakuna aliyeshangilia, kwa maana kutokea havikuwahi kukataa. Akaitoa. Tukaenda kula. Mimi niliagiza githeri na sikula, Kirimi akala yake na yangu. Saa nane akaitumbukiza tena.

Nilikuwa sinkini nikijifanya nina kazi. Nikasikia kalamu ya mashine inakwaruza karatasi. Ikasimama. Halafu Achieng akaita, na sauti yake haikuwa na kitu, ilikuwa sauti tu:

"Mama Guyo. Njoo uhesabu."

Akaweka karatasi ya asubuhi juu ya karatasi ya mchana, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikaweka kidole. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Kilima juu ya kilima, kama ni karatasi moja. Nikahesabu tena, kwa Kiborana, nione kama vitadanganya kwa lugha nyingine. Vilikuwa saba.

Mwalimu wa Rukia, hizo ndizo nilizohesabu.

Achieng alipata udaktari wake. Sasa anafundisha watu wengine, na kila Idd ananipigia simu, ingawa yeye ni wa kanisa. Siku hizi wanaunga zile waya kwa mashine, na vyombo vingi ni plastiki ya kutupa. Ni vizuri. Kazi ikirahisishwa shukuruni, msiwe kama wazee wanaotaka kila mtu ateseke walivyoteseka wao. Mzee Kirimi alitangulia, Mungu amweke pema. Lakini siku ya kuniaga, nilipostaafu, alinipa kitu kimefungwa kwa gazeti. Ilikuwa ile bika. Alikuwa ameiweka kabatini miaka yote hiyo, haijaoshwa, mkwaruzo wa kaa bado uko chini.

Iko hapa kwangu Chechelesi, kwenye rafu ya sebuleni, juu ya redio. Mwanzoni watoto walitaka kuitilia maua, nikawapiga macho tu, wakaelewa.

Wiki iliyopita niliamka asubuhi nikaikuta mezani. Rukia amekaa mbele yake, mikono kwenye mapaja. Kumbe jana yake aliacha mfereji wa tangi wazi, na maji yetu ya wiki nzima yalikwenda kwenye mchanga, wiki ambayo mnajua nyinyi wenyewe mifereji ya Isiolo ilikuwa mikavu. Shingo yangu ilivimba kama ya Profesa. Nikavuta kiti. Nikakaa. Akasema yote mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa kwamba aligundua tangu jioni, akalala nayo bila kusema. Alipomaliza, nikapiga kelele zangu vizuri kabisa, majirani wakasikia. Halafu nikamuuliza ni mitungi gani bado ina maji, tukachukua punda tukaenda kutafuta maji.

Kwa sababu hiyo ndiyo amri ya nyumba yangu, niliyoitoa siku niliyofungua lile gazeti, na haijabadilika: kile kioo hakioshwi, hakitiwi maziwa. Aliyeharibu kitu humu ndani akitoe kwenye rafu akiweke mezani. Kikiwa mezani redio inazimwa, simu zinafunikwa, na hakuna anayefungua mdomo mpaka aliyekiweka amalize kusema. Wa kwanza kufunga mdomo ni mimi.